Fundi kaniulia Peugeot 504, na bado ananidai

Wadau, naandika damu ikichemka, mnivumilie.

Nina 504 ya 1978, ile stesheni wagoni ya viti safu tatu. Aliniachia baba. Aliibebea abiria Nakuru–Kisumu enzi ambazo Peugeot ndizo zilizokuwa na haraka barabara ile. Miaka mitatu naifufua polepole: sakafu nimechomelea upya, rangi nimeirudisha nyeupe ileile, na gia yake ya kwenye usukani sasa inaingia bila kugomba. Kilibaki kitu kimoja tu. Ikipanda kuelekea Mau Summit, inachemsha.

Gasketi ya hedi hiyo, ile inayoziba kati ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) na bloku. Nikaipeleka gereji moja hapa Nakuru. Nikamwambia fundi, tena mara mbili: "Laina za injini hii, hizi silinda ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji, hazikushindiliwa kwenye bloku. Ukitoa hedi, zibane kwa bolti na washa kabla hujazungusha krenki, mhimili unaopandisha pistoni, zisije zikang'oka." Akacheka. "Mzee, mimi nimefungua injini ngapi?"

Za Toyota Probox, labda.

Narudi saa nane, hedi ya alumini imelazwa kifudifudi kwenye kokoto, na kijana wake anazungusha krenki kwa spana ili pistoni zipande azikwangue. Laina ya tatu naiona kwa macho yangu ikipanda pamoja na pistoni! Nikapiga kelele. Wakairudisha chini kwa kipande cha mbao na nyundo, wakafunga kama hakuna kitu.

Nikalipa elfu 28. Siku ya nne nachomoa kijiti cha oili, nakuta chai ya maziwa. Maji yanapenya kwenye zile sili nyembamba chini ya laina, yanaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Sasa ni kufungua tena, kutoa laina zote nne, sili mpya, kupima upya kimo cha kila laina juu ya bloku. Beringi sijui zimebaki na hali gani.

Nimempigia. Ati gari ni chuma chakavu, nilitarajia nini? 504, iliyoshinda Safari Rally 1975 na 1978! Halafu anadai elfu 3 za oili aliyoongeza.

Pole zenu wekeni. Nataka mtu wa Nakuru au Kisumu aliyewahi kutoa laina za 504 kwa mkono wake, na duka lenye sili za chini. Na mwenye kabureta ya 504 aniambie bei, maana leo asubuhi nimefunua boneti vizuri: iliyofungwa pale ni ya Nissan.