Wauza chakula wa barabarani, mvua ikiwakuta mnafanyaje?

Habari wakuu. Huu mwaka wa pili nauza chakula kando ya barabara, naamka saa tisa usiku kuwasha jiko, ikifika saa nne asubuhi miguu ishavimba, hayo nimezoea. Kinachoniumiza ni mvua, jana imenikuta sufuria imejaa, wateja wote wakatawanyika, nimerudi nayo nyumbani karibu yote na mtaji ndo umeishia humo. Wenzangu mnafanyaje?

Jibu: Pole sana dada. Mi niliacha kupika vyote kwa mkupuo, nabandika nusu kwanza, ikikaribia kuisha ndo nabandika nyingine, vitu vibichi kesho bado vina kazi. Na kiporo kilichoshinda mezani usikiuze jamani, Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na cha kuuza moto kibaki juu ya nyuzi 60. Mteja akiumwa tumbo mara moja tu harudi tena na anawaambia wenzie.

Jibu: Mvua mi naivumilia, shida yangu askari. Walibeba meza, sufuria, mpaka ndoo ya kunawia, kuvikomboa nikakopa na hilo deni bado nalilipa.

Jibu: Mleta mada, hela ya mtaji usichanganye na ya kula. Mi natenga ya kesho kabla sijanunua chochote.

Mleta mada: Asanteni sana, kesho naanza na sufuria ndogo.