Wakuu, nahama na akwariamu ya maji chumvi, nifanyeje samaki wafike hai?

Kangaja wa Mjini (mwanzisha uzi)
Wakuu habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada maana muda sina. Nina tanki la samaki wa baharini, lita kama 300. Ndani kuna nemo wawili, kangaja mmoja wa buluu, bunju mdogo, kamba wale wanaosafisha wenzao, na matumbawe juu ya mawe. Nahama Jumamosi. Mwenye uzoefu anisaidie namna ya kulibeba bila kuua kiumbe. Nimewaza nipunguze maji yabaki nusu, samaki wakae humo humo, vijana wanne walinyanyue. Usingizi sipati, nikifumba macho nawaona wameelea tumbo juu. Matusi sitaki, ushauri tu.

Mchuzi Mzito
Bunju muache, ana sumu. Waliobaki wapake ndimu na tangawizi, chumvi wanayo tayari. Uzi ufungwe. 😂

Fundi Vioo Ilala
Mkuu usithubutu kunyanyua tanki lenye maji, hata hiyo nusu. Lita moja ya maji ya bahari inazidi kilo moja kidogo, kwa hiyo hapo una zaidi ya kilo 150 kabla hujahesabu kioo na mawe. Likijipinda kidogo tu, silikoni ya kwenye kona inaachia. Wala halipasuki hapo hapo, linakuja kuvuja usiku umelala. Toa kila kitu: mawe, mchanga, maji yote. Vijana washike chini, wasishike kingo za juu. Likifika, litandikie sponji bapa, uweke pima maji kuhakikisha meza imenyooka. Wateja wangu wa kuzibiwa tanki karibu wote wanaanza na "fundi, tulilibeba likiwa na maji kidogo tu".

Mama Ilham
Mwanangu mimi siyajui mambo ya samaki wa kutazama. Ila umeme wa pampu, umeme wa taa, chakula chao, na mwisho wa siku huwali. Mume wangu naye alianza na njiwa, kidogo kidogo. Leo banda la njiwa lina bati jipya na jikoni kwangu kunavuja. Muulize mkeo kwanza.

Mdau wa Kunduchi
Unahamia wapi, na safari ni ya saa ngapi? Bila hilo sote hapa tunabahatisha.

Kangaja wa Mjini
@Fundi Vioo nimekupata, shukrani. Mama Ilham shikamoo, sijaoa. Vipi kuhusu mchanga, nihame nao au ninunue mwingine?

Mdau wa Kunduchi
Nimeuliza unahamia wapi.

Kangaja wa Mjini
Si mbali kihivyo mkuu. Barabara ni lami mwanzo mwisho.

Mstaafu Mtata
Hata Tunduma ni lami mwanzo mwisho. Jibu swali kijana. 😂

Kangaja wa Mjini
Haya. Dodoma. Ila msianze kunisema maana mipango imeshakamilika. Fuso nimeshalipia, inatoka Mbezi saa 4 asubuhi na vyombo vyote. Samaki nawaweka kwenye ndoo zenye mifuniko, nyuma kabisa chini ya turubai wapate kivuli. Na maji ya kule nimeshayafikiria: nimenunua katoni ya chumvi ya mezani, nikifika nakoroga na maji ya bomba. Swali langu lilikuwa namna ya kubeba, sio wapi.

Mgogo Halisi
Karibu makao makuu. Ila maji ya visima vyetu mengine yana chumvi yake tayari, sabuni unasugua mpaka mkono unachoka ndipo uone povu. Pengine hata hiyo katoni ungerudisha dukani. 😂 Utani pembeni, leta na hita. Juni na Julai usiku huku utalala na sweta.

Mdau wa Kunduchi
Kangaja, wapi ndiyo swali lenyewe. Mtu anayehama Mbezi kwenda Kigamboni anaweza kutumia ndoo na Mungu akamsaidia. Wewe una kilomita zaidi ya 400. Saa 7 mchana Fuso liko Chalinze, na chini ya turubai ni tanuri. Samaki wa matumbawe amezoea nyuzi 25 mpaka 27. Ndoo imefunikwa, maji yanapata joto, na maji ya moto hayashiki hewa. Watakufa kabla ya Morogoro.

Chumvi ya mezani irudishe. Ile ni chumvi tupu iliyoongezwa madini joto. Bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengine kibao, ndiyo maana wenye akwariamu wananunua chumvi maalumu. Kwa kuwa upo Dar, huna haja hata ya hiyo: beba bahari. Madumu ya lita 20, jaza maji ya tanki lako kadiri unavyoweza. Yanayopungua kachote baharini maji yakiwa yamejaa, mbali na mdomo wa mto, na usichote baada ya mvua. Madumu yasiwe yaliyowahi kuwa na mafuta au sabuni. Humo kwenye Fuso utakuwa na madumu kama 15, yape nafasi.

Halafu jua kwamba uhai wa tanki haumo kwenye maji. Umo kwenye mawe na sponji la filta, ndimo wanamoishi bakteria wanaogeuza amonia inayotoka kwa samaki iwe naitraiti, kisha naitreti. Mawe yakikauka njiani, bakteria wanakufa, na Dodoma utaanza na tanki jipya kabisa, wiki 4 hadi 6 amonia inapanda na kushuka huku samaki wamo ndani. Mawe na sponji visafiri vimelowa, kwenye ndoo za maji yaleyale. Hizo ndoo zako ndiyo kazi yake.

Mchanga: ule wa chini kabisa, kama umekaa muda mrefu, unaficha gesi yenye harufu ya yai viza. Ukiuvuruga samaki wamo ndani, umewamaliza. Watoe kwanza. Kisha uoshe kwa maji ya bahari, au uache kabisa ununue mwingine.

Samaki wenyewe usiwalishe siku mbili kabla ya safari. Nenda kwa wanaouza vifaranga vya sato, wana mtungi wa oksijeni, waombe wakufungie kwa malipo: maji theluthi moja, oksijeni theluthi mbili, mifuko miwili miwili, kila samaki na wake. Mifuko ndani ya deli la ice cream, bila barafu, mfuniko umefungwa. Deli likae mbele na wewe. Bunju usimfunge kwenye mfuko, ana meno ya kuutoboa. Yeye ndoo yake peke yake na pampu ndogo ya betri. Na usimtoe majini kwa wavu: akishtuka anajijaza hewa, na hewa akishaimeza anaweza kushindwa kuitoa. Mchote na jagi pamoja na maji.

Binti Nyali
Mie niko Mombasa. Shemeji yangu alihamia Syokimau, karibu na Nairobi, na samaki wake, akaenda nao usiku kwa usiku, wakafika wazima. Lakini hiyo nyumba ya Syokimau, jamani! Kodi juu, maji siku mbili kwa wiki, na jirani ana mbwa watatu. Akarudi Mombasa mwaka haukwisha, samaki kawaachia mwenye nyumba. Alichofanya akifika, alifungua mifuko akawa awatilia maji mapya tone tone, saa mbili nzima, ndipo akawatia ndani. Fanya hivyo.

Mdau wa Kunduchi
Dada wa Nyali, samaki wa shemeji walikuwa na bahati. Tone tone inafaa kwa samaki aliyetoka duka la jirani. Aliyekaa kwenye mfuko kutwa ametoa hewa chafu nyingi, na hiyo inayafanya maji yawe na asidi, na kwenye asidi amonia haina makali. Ukifungua mfuko hewa chafu inatoka, asidi inashuka, amonia inakuwa sumu palepale samaki akiwa ndani. Kwa safari ndefu: acha mfuko uelee juu ya maji ukiwa umefungwa mpaka joto lilingane, hakikisha chumvi ya tanki ni ileile, fungua, mhamishe haraka, maji ya mfuko mwaga.

Mstaafu Mtata
Uzi mtamu lakini hauna picha. Tupia picha ya tanki.

Kangaja wa Mjini
Hii hapa. Bunju ndiye huyo anayeangalia kamera.

Inspekta Mfupa
Kuzeni hiyo picha. Kona ya kulia ya kioo kuna taswira ya viti vitatu vya chuma vilivyoungana, vile vya kusubiria, na juu yake ukutani kuna sanduku la maoni. Nani ana sanduku la maoni sebuleni? Na wiki iliyopita kwenye jukwaa la nyumba huyu huyu alikuwa anatafuta chumba masta Ipagala, Dodoma. Tanki la lita 300 kwenye chumba kimoja, yeye atalala wapi? Wakuu, hii ni chai. Picha ya ofisi ya watu.

Mchuzi Mzito
Chai ya rangi au ya maziwa? 😂 Nilijua toka "usingizi sipati".

Kangaja wa Mjini
Siyo chai. Ni ya ofisini kwetu. Tawi la Dar linafungwa, tunahamia Dodoma, na bosi alisema anayetaka lile tanki alichukue, la sivyo litatupwa. Nikasema nalichukua mimi. Jamaa aliyekuwa anakuja kulisafisha hapokei tena simu, ndiyo maana nauliza huku. Chumba ni masta lakini kikubwa.

Mama Ilham
Amesema au ameandika? Mwanangu, kesho wakikuta ukuta mtupu utaitwa mwizi wa samaki. Andikishaneni.

Kangaja wa Mjini
Alisema mbele ya mhasibu, Mama. Inatosha.

Inspekta Mfupa
Mhasibu ndiye wa kwanza kusahau.

Mdau wa Kunduchi
Iwe chai au uji, samaki kwenye picha ni wa kweli na yule kangaja amekonda. Kangaja (wa mtandaoni), punguza mzigo. Matumbawe hayatamaliza mwezi kwenye chumba chenye mgao wa umeme, taa na pampu zikizimika kutwa. Tafuta mtu wa hapa Dar mwenye tanki linaloendeshwa vizuri, umwachie matumbawe, kamba na kangaja. Usiyarudishe baharini, huwezi kujua yamebeba ugonjwa gani. Wala usiende kung'oa mengine Mbudya au Bongoyo, kule ni hifadhi. Nenda na nemo na mawe. Na maji yakipungua Dodoma kwa ukame ule, ongeza maji baridi yaliyochujwa, sio ya dumu la bahari. Maji yanaruka, chumvi inabaki.

Kangaja wa Mjini
Matumbawe na kangaja naacha, sawa. Bunju simwachi. Nikiingia asubuhi anakuja mpaka kwenye kioo, mwingine akiingia anajificha. Dereva nimempigia, amekubali tutoke saa 12 jioni ila anataka nyongeza. Deli nimeazima. Chumvi wamekataa kuirudisha.

Mgogo Halisi
Chumvi nitainunua mimi, nina ng'ombe.

Jirani wa Gairo
Mkuu hiyo Fuso ikitoka jioni ina nafasi? Nina kitanda cha tano kwa sita na godoro, vinashuka Gairo. Niko Kimara, nauli tutaelewana. Njoo inbox.