Je, mtu akipandikizwa moyo huwa amepona kabisa?

Swali

Ndugu wachangiaji, naomba ufafanuzi. Kaka yangu ana miaka 46, na moyo wake umetanuka kiasi kwamba hawezi kulala bila kuinuliwa na mito mitatu. Miguu huvimba kila jioni, na mwaka huu amelazwa mara nne ingawa anameza dawa zake bila kukosa. Daktari ametueleza kwamba dawa zimefikia kikomo, hivyo atampeleka mbele ya jopo linaloamua nani anafaa kupandikizwa moyo. Nyumbani watu wameshaanza kushangilia, wakisema akipata moyo mpya ugonjwa umekwisha. Mimi nina hofu, kwani sijasikia mtu akiuliza maisha yatakuwaje baada ya upasuaji. Je, kweli atakuwa amepona?

Jibu la kwanza

Pole sana kwa kuuguza. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wagonjwa wa moyo, na naona hofu yako ina msingi.

Binadamu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwenzake alikuwa Louis Washkansky, aliyepasuliwa na Christiaan Barnard na wenzake katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Moyo ule ulipiga vizuri, lakini baada ya siku 18 alifariki kwa nimonia, kwa sababu dawa alizopewa ili mwili usiukatae moyo zilikuwa pia zimedhoofisha kinga yake. Mvutano huo upo hadi leo, ingawa tangu siklosporini, dawa ya kuzuia mwili usiukatae moyo, ianze kutumika katika miaka ya 1980 umekuwa rahisi zaidi kuudhibiti. Katika vituo vyenye uzoefu, takribani wagonjwa 85 hadi 90 katika kila 100 huwa hai mwaka mmoja baada ya upasuaji, na wengi huishi zaidi ya miaka kumi. Kwa mtu aliyefikia hali ya kaka yako, hiyo ni nafasi kubwa mno. Hata hivyo, atakuwa ameacha ugonjwa mmoja na kupokea hali nyingine ya kutunzwa maisha yake yote.

Jibu la pili

Nami nilipandikizwa miaka tisa iliyopita, kwa hiyo naongeza ninayoyaishi. Moyo wa mtoaji ukikaa nje ya mwili kwenye ubaridi huhifadhika kwa saa nne hivi tu, kwa hiyo nilisubiri miezi saba nikiwa na simu mkononi usiku na mchana, hadi ukapatikana wa kundi langu la damu na wa kutosha umbo langu. Niliposikia umepatikana nililia, kwa sababu nilijua kuna familia iliyokuwa ikilia saa ileile.

Neva zinazoongoza mwendo wa moyo hukatwa wakati wa upasuaji, na ndiyo sababu moyo wangu hupiga mara 95 kwa dakika hata nikiwa nimekaa, nami hulazimika kutembea polepole kwanza kabla ya kupanda ngazi. Dawa nameza asubuhi na jioni kwa saa zilezile, na balungi siligusi kwa kuwa huongeza katika damu kiwango cha takrolimasi, mojawapo ya dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo. Mwaka wa kwanza nilichukuliwa vipande vidogo vya nyama ya moyo mara nyingi, kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo, ili kuona kama mwili umeanza kuukataa. Figo zangu zimepungua nguvu kutokana na dawa. Lakini nalala bila mito, na hilo sikulitarajia tena.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Daktari alitaja pia presha ya mapafu. Inahusianaje na jopo?

Jibu la kwanza

Inahusiana sana. Upande wa kulia wa moyo wa mtoaji haujazoea kusukuma damu kwenye mapafu yenye shinikizo kubwa, na unaweza kushindwa mara tu baada ya kuunganishwa. Jopo hupima shinikizo hilo kwa mrija. Likiwa juu na halishuki kwa dawa, wakati mwingine mgonjwa huwekewa kwanza pampu ya kusaidia upande wa kushoto, kisha hupimwa upya baada ya miezi kadhaa. Ulizeni vipimo vyake vilisomaje, na kama pampu hiyo inafikiriwa kwa kaka yako.