Hili neno "run" la Kiingereza lina maana ngapi jamani?

Mtu wa Uyole
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwenye neno "run". Shuleni tuliambiwa ni kukimbia basi, ikaisha hapo, sasa nasoma habari za nje na kuangalia muvi naona liko kila sehemu na hakuna anayekimbia. Mtu "runs a hotel", pua "is running", Trump "ran" mwaka 2016, afu kuna ile bank run iliyoiangusha Silicon Valley Bank kule California 2023. Kuna kanuni au ni kukariri tu? Nina intavyuu ya hoteli mwezi ujao, nataka nilielewe kweli.

Teacher Kondo
Mkuu kukariri zote hutamaliza. Wale wa Oxford English Dictionary walipolipitia upya walifika maana 645 kwa kitenzi peke yake, na Peter Gilliver aliyelishughulikia lilimchukua miezi tisa. Kabla ya hapo lililokuwa linaongoza ni "set".

Shika hivi: kwenye maana nyingi kuna kitu kinakwenda bila kukatika. Mto, kamasi, mashine iliyowashwa, mkataba ambao bado haujaisha muda wake, filamu ya masaa mawili, vyote hivyo "run". Halafu mtu akikifanya kitu kiende, yeye ndo anakirun, iwe hoteli, duka au programu kwenye kompyuta. Na sisi mbona tunafanya hivyohivyo, kwenda tumeifanya kuendesha, na tunaendesha gari, biashara, semina, kesi mpaka nchi. Hata mgonjwa wa tumbo tunasema anaendesha, na Waingereza wakiongea kawaida wanasema "he has the runs". Mimi hiki kitu huwa kinanifurahisha sana kwenye lugha, watu hawajawahi kukaa pamoja na wamefika palepale.

Dada Mapokezi
Nimefanya kazi mapokezi miaka mingi, nakuongezea cha hoteli maana Teacher kaeleza vizuri ila kwenye intavyuu watakubana kwenye vile vineno vinavyofuata nyuma yake. "Run out of" ni kuishiwa, "we have run out of towels", sisi ndo tumeishiwa mataulo. Ukianza na mataulo yenyewe unaacha "of", "the towels have run out", yaani mataulo yameisha. Angalia kwamba ni kama Kiswahili kabisa, tumeishiwa na yameisha, kwa hiyo usiogope. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutegemea, ila gari likirun into ukuta limeugonga. "Run over" ndo mbaya, mtu kakanyagwa na gari. Na mgeni akikwambia "I'm running late" hajaanza kukimbia popote mdogo wangu, anachelewa tu, mtunzie chumba chake.

Mbeba Box Texas
Hiyo ya Trump ni kugombea. Huku Marekani mgombea "runs for" president, Uingereza wao wanapenda kusema "stand for", mmoja anakimbia mwenzie kasimama na wote wanataka kura zilezile! Mgombea mwenza ndo "running mate", na hilo lilianzia kwenye mbio za farasi.

Bank run ni wateja kukimbilia kutoa hela kwa mpigo kwa sababu wamesikia benki inayumba, na hakuna benki inayokaa na hela zote za wateja kabatini, nyingi imekopesha au imewekeza. Silicon Valley Bank tarehe 9 Machi 2023 waliombwa dola bilioni 42 ndani ya siku moja, kesho yake ikafungwa. Na watu hawakupanga hata foleni, wengi walikuwa wanabonyeza simu na kompyuta tu, ndo maana ilienda haraka vile.

Ukiangalia kriketi utachanganyikiwa zaidi, run kule ni pointi, na mpira ukivuka mpaka bila kugusa chini unapewa run sita hata kama hujatoa mguu.

Mtu wa Uyole
Aisee asanteni sana, dada hapo kwenye mataulo umenifungua. La mwisho, ni "have run" au "have ran"? Naona watu wanaandika zote.

Teacher Kondo
"Have run". "Ran" ni ya jana peke yake, "I ran", ukishaweka have au had linarudi run. Hao wanaoandika "have ran" wapo wengi hata Waingereza wenyewe, ila kwenye intavyuu usiiseme.