Ipsum inakunywa maji lakini chini pakavu, fundi anataka kufungua hedi

Nyabo_Tororo
Salaam nyote. Naomba ushauri kabla sijatoa hela. Nina Toyota Ipsum ya zamani, SXM10, injini 3S, giaboksi otomatiki. Inabeba vitenge na viatu kutoka Malaba hadi Kampala. Siku hizi inakunywa maji. Asubuhi nikifungua rejeta nakuta yameshuka, naongeza, kesho yake yameshuka tena. Ninapoegesha chini ni pakavu, hata doa hakuna.

Bugiri, Iganga, Jinja, mpaka natoka msitu wa Mabira, sindano ya joto imetulia. Balaa linaanza kwenye foleni ya Mukono na Seeta. Inapanda taratibu hadi naogopa, nazima gari kando ya barabara huku makonda wa matatu wakinipigia kelele.

Fundi wa hapa mtaani kaitazama kwa macho tu, akasema hedi gasketi (kizibo kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na bloki) imekwenda, hedi ishushwe ikapigwe plena, yaani isawazishwe uso. Bei aliyotaja nikiwaza nakosa usingizi. Ni kweli lazima?

Boda_Zamani
Pole nyabo. Iuze kabla haijajulikana mtaani kwamba inachemsha, ununue Probox.

Afande_Mstaafu
Huyo hapo juu msimsikilize. Dada, habari za Tororo? Nina maswali kabla ya kutaja ugonjwa. Moja, lile tanki dogo la akiba la plastiki, maji yake yako kiwango gani asubuhi wakati rejeta imepungua? Mbili, feni zinazunguka ukiwa kwenye foleni? Tatu, mfuniko wa rejeta ni ule wa Mjapani au ulibadilishwa?

Mwana_Busia
Dawa rahisi: pasua yai, utie ute wake kwenye rejeta, au bizari ya mchuzi vijiko viwili. Inaziba fasta. Malori ya huku yanafika Kampala hivyo hivyo.

Fundi_Ndeeba
@Mwana_Busia, rejeta za mayai naletewa mimi kuzifungua. Ute ukiiva unaziba vijia vyembamba vya rejeta na vya hita, tundu linalovuja linabaki palepale. Ukikwama Mabira usiku, fanya utakalo ufike nyumbani. Lakini usimshauri mtu mwenye gari mbele ya nyumba na muda wa kulipima.

Nyabo, jibu maswali ya afande kwanza. Ongeza na haya, ndizo dalili za hedi gasketi iliyokufa: oili kwenye kijiti ina rangi ya chai ya maziwa? Ekzosi inatoa moshi mweupe usiokwisha hata injini ikishapata moto? Ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi, mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu papo hapo kabla hata ya joto?

Nyabo_Tororo
Habari ni njema afande, asante. Nimeangalia asubuhi hii kabla ya kuwasha. Tanki la akiba limejaa hadi juu, lakini rejeta imepungua. Feni zote mbili zinazunguka, na nikiwasha AC zinaanza mara moja. Mfuniko sijui, una kutu na kampira kake kamepasuka pembeni. Oili ni nyeusi ya kawaida, moshi mweupe hakuna, mpira ni laini mpaka injini ipate moto.

Afande_Mstaafu
Hapo umenipa habari yote. Tanki limejaa, rejeta ina njaa. Mfuniko wa rejeta una vali mbili. Moja inazuia presha injini ikiwa ya moto, nyingine inafunguka injini ikipoa ili maji yarudi kutoka kwenye tanki. Kwako maji yanasukumwa nje na hayarudi. Ama mfuniko umekufa, ama kuna mahali mfumo unavuta hewa badala ya kuvuta maji. Huenda ni yote mawili.

Presha ndiyo inayokulinda kwenye foleni. Kwa mwinuko wa Kampala, maji matupu yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Nilipokuwa natumikia Kabale ilikuwa chini zaidi, kama 93. Mfuniko mzima ulioandikwa 0.9, ndiyo namba ya presha yake, unafanya yasichemke hadi yapite nyuzi 110. Ukiwa na mfuniko mbovu, kila foleni inakuwa sufuria wazi. Barabara kuu upepo unakusaidia, ndiyo maana Iganga huoni kitu.

Ununue mfuniko wenye namba ileile iliyopigwa juu ya ule wa zamani. Usiweke wenye namba kubwa ukidhani ndio imara, utapasua rejeta ya plastiki iliyochoka. Na usiufungue injini ikiwa ya moto, hata kwa kitambaa. Nimeona koplo akiungua uso hivyo.

Fundi_Ndeeba
Naunga mkono, lakini usiishie kwenye mfuniko. Maji yanayopotea bila doa chini mara nyingi yanavujia juu ya chuma cha moto na kukauka, au yanaanguka kwenye ile kava ya plastiki chini ya injini. Ukitafuta uvujaji injini ikiwa moto hutaona kitu. Itafute ikiwa baridi, na presha ndani.

Kuna pampu ndogo ya mkono yenye geji. Inafungwa kwenye mdomo wa rejeta badala ya mfuniko. Unapampu hadi namba ya mfuniko, usizidishe, unaacha kama robo saa. Sindano ikibaki palepale, nje hakuvuji. Ikishuka, chukua tochi. Fundi asiye nayo aazime, gereji kubwa za Jinja na Mbale hawakosi. Kipimo hicho ni kazi ya muda mfupi, kushusha hedi ni siku nzima na zaidi.

Kwenye 3S angalia hasa upande wa mikanda. Wota pampu, ile inayosukuma maji ndani ya injini, hapa haizungushwi na mkanda wa nje, inazungushwa na mkanda wa taimingi (unaoendesha vali kwa mpangilio na pistoni), ndani ya kava. Ina katundu kadogo chini ya shafti. Sili ikichoka, maji yanatokea hapo, yanateremka ndani ya kava, puli ya krenki inayarusha huku na huku. Ukipiga tochi kutoka chini utaona utando mkavu, wa pinki au mweupe, umeganda kama chumvi kwenye ukingo wa kava. Gari likishasimama hakuna kinachodondoka.

Sehemu nyingine ni viungo vya mipira, mshono kati ya plastiki na alumini ya rejeta, na vile vifuniko vya bati vya duara vilivyogongwa ubavuni mwa bloki. Gari lililonyweshwa maji ya kisima miaka mingi, vifuniko hivyo vinaliwa na kutu kutoka ndani.

Mama_Iganga
Mimi ya kwangu ilikuwa hita. Zulia la abiria lililowa, kioo kikawa na ukungu wenye utelezi, ndani kunanukia utamu. Nyabo, shika zulia la mbele kwa mkono. Na yakimwagika ukumbini yaoshe vizuri, kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini, ni tamu na ni sumu. Jirani alipoteza mbwa.

Nyabo_Tororo
Zulia ni kavu. Naenda kutafuta hiyo pampu ya mkono.

Nyabo_Tororo
Nimerudi, banange. Nimempata kijana Mbale mwenye kipimo. Alipampu hadi 0.9, tukasubiri, sindano ikaanza kushuka polepole. Akalala chini na tochi, akaniita nione mwenyewe: tone la pinki linajikusanya kwenye ncha ya chini ya kava ya taimingi, linanenepa, linadondoka kwenye ile plastiki ya chini. Utando wa chumvi uko vilevile Fundi alivyosema. Kisha akaleta chupa yenye kimiminika cha buluu, akaiweka mdomoni mwa rejeta injini ikinguruma. Akasema gesi ya moto wa silinda ikiingia kwenye maji kitageuka njano. Kimebaki buluu.

Kwa hiyo hedi haiguswi?

Fundi_Ndeeba
Haiguswi. Kipimo cha buluu peke yake nisingekiamini kwa asilimia mia, lakini ukiunganisha na oili safi, mpira laini na tone ulilojionea, mshtakiwa ni wota pampu. Hedi inashushwa kwa ushahidi, ssebo (bwana) fundi wa mtaani kwenu ajue hivyo.

Sasa usikilize upande wa hela. Ili kufika kwenye pampu, mkanda wa taimingi lazima utoke. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha. Mjapani anasema kilomita 100,000, na odomita za magari yetu tunazijua. Ukishafungua badilisha pia tensheni na roli yake, na sili ya krenki ikiwa inatoa oili. Kazi ya kufungua ni ileile, kwa nini uilipie tena mwaka ujao? Alama za taimingi zilinganishwe kabla mkanda haujatoka, na injini izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kupigwa stata. 3S-FE ina huruma, mkanda ukikatika vali hazigongani na pistoni, lakini isiwe sababu ya uzembe.

Pampu ukiitafuta Kisekka, soko la vipuri Kampala, nenda na ya zamani mkononi. Zungusha mpya kwa vidole: isikwaruze, shafti isicheze. Gasketi iwe mpya, na uso wa bloki ukwanguliwe vizuri. Silikoni nyingi inakatika vipande vinavyokwenda kuziba rejeta.

Mwana_Busia
Sawa, yai nimefuta. Ila akimaliza ajaze nini? Na thamostati si aitupe tu, nchi yetu ya joto?

Afande_Mstaafu
Thamostati, ile vali inayofungulia maji yaende rejeta injini ikipata moto, abaki nayo. Injini ya 3S inataka kukaa juu kidogo ya nyuzi 80. Ukiitoa, safari yote inakuwa baridi, inakunywa petroli, oili inabeba unyevu. Wanaoitoa wanaficha rejeta iliyoziba. Aichemshe tu kwenye sufuria na kipimajoto, isipofunguka kwenye 82 hivi, anunue nyingine.

Ajaze kulanti nyekundu nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa ya betri. Chupa aisome vizuri, asije akapewa asidi ya betri. Akikosa, maji ya mvua safi yanashinda ya kisima.

Fundi_Ndeeba
Na hewa itolewe. Pua ya gari ielekee mlimani, hita iwe kwenye moto, mfuniko wazi tangu injini ikiwa baridi, ujaze taratibu huku unaminya mpira wa juu. Thamostati ikifunguka utaona maji yanashuka ghafla, ongeza, funga. Asubuhi inayofuata angalia tena ikiwa baridi. Tanki la akiba liwe kati ya mistari miwili, si hadi mdomoni.

Nyabo_Tororo
Kale. Kijana wa Mbale anafungua Jumatatu, pampu na mkanda nafuata Kisekka Jumamosi kwa basi. Yule wa hedi kanipigia simu kuuliza lini naleta gari.

Boda_Zamani
Mwambie umeliuza.