Naomba ushauri: ubao wa kaiti kwa upepo mdogo, Nyali

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu. Nina kilo 84, natumia kaiti (tiara kubwa inayonivuta juu ya maji nikiwa nimesimama ubaoni) ya mita za mraba 12 pale Nyali, Mombasa. Napenda mwendo wa kutulia na kona za taratibu; kuruka juu sina hamu nako.

Ubao nilionao ni wa mtumba, sentimita 134 kwa 39, mgumu kweli, haupindi. Kusi ikivuma tunaelewana. Kaskazi ikilegea nazama mpaka magotini, nikijaribu kwenda kinyume cha upepo nasukumwa tu, mwisho narudi kwa miguu ufuoni ubao kwapani. Inaniuma sana, maana msimu wenyewe hausubiri.

Nimesogeza mikanda ya miguu hadi matundu ya nje kabisa, goti la nyuma likaanza kuuma, nikairudisha. Skrubu moja ilikuwa imeliwa na chumvi hadi kichwa kikavunjika.

Sasa nimepata ubao wa 142 kwa 43, mlaini zaidi. Je, utaniinua upepo ukiwa mdogo bila kunisumbua bahari ikichafuka? Na mikanda niielekeze nje digrii ngapi ili goti lipone?