Naomba ushauri: je, niangalie duka ni la nani kabla ya kununua?

Habari zenu wanajamvi. Naomba mnisaidie mawazo.

Najaribu kwa makusudi kununua kwa wafanyabiashara wa jamii za wachache. Sababu yangu ni mtaji: wengi wao hupata mikopo kwa tabu, hivyo mteja wa kudumu ndiye benki yao. Hapo sina shaka.

Shida iko kwenye utekelezaji. Bei wakati mwingine iko juu kwa kuwa wanaagiza mzigo mdogo, nami mfuko wangu si mnene. Kumjua mmiliki nako ni kazi. Marekani kuna vyeti vinavyotaka angalau asilimia 51 ya biashara iwe mikononi mwa watu wa jamii hizo, lakini mnunuzi wa rejareja ataanzaje kumuuliza muuzaji habari za hisa? Nimejaribu orodha za mtandaoni. Nyingine zimejaa biashara zilizokwisha kufungwa.

Halafu rafiki yangu anasema kumchagua muuzaji kwa asili yake ni ubaguzi uleule, umegeuzwa tu. Sijakubali, ila jibu la kumpa sina.

Ninyi mnavumilia tofauti ya bei hadi kiasi gani? Na huyu rafiki mngemjibuje?